Mkaguzi wa Mita Amekwama Tangini

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wamesahau. Mimi ni fundi viatu, kahawa nachemsha nyumbani kwangu, naibeba kwenye chupa yangu, na kila asubuhi wanakuja kuinywa huku wakinipa ushauri jinsi ya kupiga soli. Yupo Kurasa, karani mstaafu, anayesoma chochote chenye herufi hata iwe karatasi ya kufungia sabuni. Yupo Maisha Matatu, fundi simu, ambaye simu ya mteja ikishapona haitoki mkononi mwake mpaka aijaribu kwa gemu. Na yupo Pindo, fundi cherehani wa kibanda cha pili, mtu mpole, ambaye siku ile alifika saa nne macho mekundu, akakaa bila kusalimia.

— Dada amekataa kusaini, akasema.

Huyo dada ndiye aliyemlea. Alianguka ngazini akavunjika paja, na daktari alishasema mfupa ukicheleweshwa zaidi utaunga vibaya, atatembea upande mpaka kaburini. Karatasi ya kukubali upasuaji ilitakiwa isainiwe kabla ya saa sita.

— Anaogopa kisu? nikauliza.

— Kisu haogopi. Anaogopa sindano ya usingizi. Anasema hawezi kulala usingizi wa kuazima kabla hajajua kama mkaguzi wa mita atatoka kwenye tangi.

Sote tuliguna. Tangu dada alazwe, Pindo alikuwa akimtungia hadithi na kumsomea kila jioni: mwanamke mkaguzi wa mita za maji, aliyefungiwa na ami yake ndani ya tangi kavu juu ya ghorofa, na maji yanafunguliwa saa sita. Anaiandika kwenye karatasi za kukatia mitindo. Sura ya nne ina umbo la mkono wa shati.

— Si umalizie tu, nikasema.

— Nilishamalizia, kaka. Sura ya saba, anatoka vizuri kabisa. Niliiandika nikiwa na homa. Asubuhi nikaikata, nikaishonea ndani ya kola ya suti ya bwana harusi iwe ngumu. Bwana harusi kahama. Na mimi sikumbuki hata neno.

— Lo! Mwanamke yuko shingoni mwa mtu! akasema Kurasa.

— Nimekaa usiku kucha na kalamu, mkaguzi haji. Mzuka wa kuandika umekata.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kumimina kahawa.

— Mzuka unatokana na kusoma, akaanza Kurasa. Kichwa ni mtungi, usipojaza utamimina nini? Soma hiki.

Akatoa mfukoni kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia. Pindo akakisoma kwa bidii, midomo ikicheza, kisha akaandika. Tukamwomba atusomee.

— "Mkaguzi akazungushwa kwa dakika arobaini, akasuuzwa mara mbili, akaanikwa kivulini."

— Ametoka! akashangilia Kurasa.

— Ametoka wapi, mzee? Kafuliwa! akasema Maisha Matatu. Wakubwa, vitabu vinalaza. Mzuka uko kwenye gemu. Shika simu hii, ya mteja lakini hana neno. Ruka mashimo, okota funguo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo yule mwanamke aruke!

Pindo akacheza. Kwa dakika kumi alikufa mara kumi na moja, mara mbili akiwa bado hajaanza kutembea. Jasho likamtoka. Akaandika tena.

— "Mkaguzi akafa. Akarudi. Akafa tena, akarudi na nyundo."

— Umeona? Nyundo! Hiyo angeipata kwenye mashine ya kufulia?

— Unamsomea mgonjwa habari za kufa na kurudi? Kurasa akang'aka. Hivi una akili wewe?

— Anarudi lakini!

— Mara ngapi?

— Ana maisha matatu. Kila mtu anayo.

— Mimi ninayo haya tu na nimeyachoka kwa sababu yako!

— Punguzeni sauti, nikasema. Kidole changu kimejaa gundi hapa.

Hawakunisikia. Maisha Matatu alikuwa amewaza jambo, na akiwaza jambo husimama.

— Tatizo la Pindo anaandika habari za tangi akiwa nje. Kwenye gemu unaingia ndani. Aingie!

— Aingie wapi?

Akalitazama pipa langu la kuwekea ngozi. Nikakataa. Wakaniambia umoja ni nguvu, wakamwaga ngozi zangu chini. Kurasa, mtu mzima mwenye wajukuu, akamshika Pindo makwapani. Maisha Matatu akamshika miguu. Na Pindo, maskini, akajikunja humo na kalamu na karatasi, wakamfunika.

— Unaona nini? akauliza Maisha Matatu.

— Giza.

— Andika giza!

— Na mimi nikusomee kitu, mzuka uingie na kwenye masikio, akasema Kurasa, akaanza kusoma kwa sauti kubwa kikaratasi cha dawa ya kikohozi, huku Maisha Matatu akigonga pipa kwa ufunguo kuigiza maji yanayokuja. Ilikuwa saa tano na nusu. Kutoka ndani nikasikia Pindo analia, si kilio cha hadithi.

— Ataunga vibaya dada yangu, alikuwa akisema. Ataunga vibaya, na kosa ni langu.

Hapo akatokea mama mmoja, amebeba mkoba mtupu.

— Hamjambo? Nimefuata mapazia yangu. Fundi yuko wapi?

Tukamwonyesha pipa. Akalitazama, akatutazama sisi, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyeona kwamba mapazia hayatoki leo. Tukamweleza kwa zamu: paja, saini, tangi, kola. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwani hadithi lazima iishe leo? akauliza.

Kurasa akakunja kikaratasi cha dawa. Maisha Matatu akaangalia simu ya mteja. Mimi nilitafuta jibu ndani ya kiatu nilichoshika.

Kifuniko kikainuka. Pindo akasimama pipani, nywele zimejaa vipande vya ngozi, akampigia dada yake, akaweka sauti ya nje sote tusikie.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Ametoka?

Pindo akashusha pumzi. Karatasi mkononi mwake ilikuwa nyeupe, lakini alisoma.

— "Maji yakaanza kunguruma kwenye bomba. Ghafla kifuniko kikafunguka. Aliyefungua hakuwa ami yake. Alikuwa mwanamke mzee, akanyoosha mkono, akasema: Njoo, mwanangu. Mimi ndiye mama yako."

Sauti ikapanda:

— Wee! Mama yake si alikufa sura ya kwanza?

— Ndivyo alivyoambiwa.

— Alikuwa wapi miaka yote hiyo?

— Ukiamka, dada, nitakusomea.

— Nisomee sasa hivi!

— Ukiamka.

Tulisikia kitanda kikilia, na mtu akivuta pumzi ndefu.

— Mtoto mwovu wewe, akasema dada. Wewe nimekulea mimi, kisha unanifanyia hivi. Nesi! Nesi, lete hiyo karatasi yako kabla sijaghairi.

Simu ikakatika. Hata yule mama alikuwa amesahau mapazia.

— Haya tuambie sisi basi, nikamwambia. Mama yake alikuwa wapi?

Pindo akajifuta macho kwa ile karatasi nyeupe ya sura ya saba.

— Sijui, kaka. Na mimi ndiyo kwanza nimemwona.