Mguu wa Koplo Lusajo Uliosemekana Umepona

Marehemu Lusajo Mwakatobe alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kiwira, Wilaya ya Rungwe, nchini Tanzania. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee Abeli Mwakatobe, mwinjilisti, na Mama Albina. Wa katikati walitangulia wangali wachanga, wakabaki yeye na dada yake mkubwa Edina, aliyembeba mgongoni na aliyeandika haya. Dada huyo hakuvuka darasa la tatu. Anayetaka kucheka herufi zake acheke sasa amalize, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha. Anayewasomea ni Clementina, binti wa marehemu. Ameomba baadhi ya maneno yatolewe. Hayatoki.

Mzee Abeli alikuwa mkali wa salamu kuliko wa sala. Mtoto asiyejibu vizuri hakula. Alikuwa akisema, "Mtu akikuuliza hujambo, hakuombi habari za tumbo lako. Jibu sijambo, nyamaza." Lusajo ndiye aliyeshika fundisho hilo kuliko watoto wote wa Kiwira. Alipougua matumbwitumbwi, mashavu yamevimba mpaka macho yamebaki mistari, mchungaji alikuja nyumbani akamwuliza, "Hujambo, kijana?" Akajibu, "Sijambo, mchungaji." Mchungaji alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Siku hiyo Mama alimpikia Lusajo yai zima la peke yake, na dada yake akatazama.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kiwira, kisha sekondari mjini Tukuyu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Hesabu aliiweza. Kiingereza kilimweza yeye. Mwaka 1994 aliingia jeshini, akafundishwa udereva wa malori, akapanda mpaka cheo cha koplo. Alilipenda jeshi. Alikuwa akija likizo anakunja shuka la mgeni mpaka linakuwa kama tofali, na viatu vyake ungeweza kujitazamia kope.

Mwaka 2001, akiwa kambi moja karibu na Moshi, alimwona Judica, binti wa Machame, akiuza vitunguu. Judica alimkataa, akamwambia, "Kaka, wewe unanuka dizeli." Kesho yake Lusajo akarudi ananuka sabuni ya kufulia, shingo imechubuka kwa kujisugua. Judica akasema basi, mtu anayeweza kujichuna hivyo kwa ajili ya vitunguu hatamtesa. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 2001. Mungu akawapa mtoto mmoja, Clementina, mwaka 2003.

Tarehe 9 Agosti 2012, akiwa kazini, hakuwa likizo wala hakuwa amelewa kama ilivyokuja kusemwa na watu ambao hawakuwepo, lori la jeshi lilirudi nyuma likambana mguu wa kushoto kwenye ukuta wa bohari. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Mfupa ukaunga. Madaktari wa jeshi wakamnyang'anya magongo, wakampa mkono wa hongera. Maumivu yakabaki. Ngozi ya mguu ilikuwa mara ya zambarau, mara inang'aa kama ya ndizi iliyoiva, na mguu wenyewe baridi hata saa sita mchana. Shuka likimgusa anaruka. Feni ikimpitia analia. Alisema ni kama lori halijaondoka. Kila akipigwa picha, picha inaonyesha mfupa mzuri. Walimtoa jeshini mwaka 2014, na mwaka uliofuata akaanza kudai fidia yake ya kuumia kazini. Bodi ya fidia ya jeshi ikamjibu kwamba mguu umepona.

Dada yake Edina alikuwa tayari hapa Guangzhou, China, akiwapikia wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei wali na maharage. Akamwita. Marehemu alifika mwaka 2016, Judica akamfuata, na baadaye Clementina akapata udhamini wa kusomea ufamasia hapa hapa. Daktari wa Kichina alimtazama marehemu mguu bila kuugusa, akautaja ugonjwa kwa jina. Ni jina refu, Clementina analijua. Maana yake ni kwamba kidonda kimepona lakini mishipa haijaambiwa. Ndugu yetu alitoka pale akitabasamu kama aliyeahidiwa uzima. Hakuahidiwa. Alifurahi tu kuambiwa hakuwa mwongo.

Bwana Rashid wa kargo, mtu wa Unguja, alimpa kazi ya kukagua maboksi stoo. Alikaa kwenye kigoda, mguu juu ya boksi la viatu, na hakuna boksi lililopita likiwa na upungufu. Rashid alikuwa akimwuliza kila asubuhi, "Koplo, bodi imesemaje leo?" Naye anajibu kama wauzaji wa hapa wanavyotufukuza, "Meiyou." Hakuna. Wanacheka wote wawili.

Wengine walicheka vibaya. Mwenda, anayenunua viatu soko la Liuhua kupeleka Nairobi, alimbatiza jina la Afande Mguu. Alikuwa akipita stoo anachechemea mbele ya wateja, anasema, "Wasee, chekini Afande Mguu! Anadai pensheni ya soksi!" Siku moja aliugonga mguu ule kwa boksi tupu, aone kama kweli. Marehemu alizimia. Mwenda akasema anaigiza. Mwenda yuko hapa leo, mstari wa pili, amevaa suti. Karibu, Mwenda. Sasa haigizi.

Mwaka 2019 bodi ilimwita nyumbani Tanzania asikilizwe. Alisafiri na mguu ule kwenye ndege, amekaa kiti cha katikati. Aliingia chumbani, akamkuta daktari wa bodi, mzee mwenye adabu zake.

"Hujambo, Koplo?"

"Sijambo, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, afande."

"Na mguu je?"

"Unaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

Alikuwa anasalimia. Kila mtu aliyelelewa anajua kwamba hiyo ni salamu, ugonjwa unakuja baada ya salamu. Akavuta pumzi aanze kueleza. Yule mzee alikuwa ameshaandika, amesimama, anamwita mwingine. Jibu lilisema mdai mwenyewe amekiri kwamba hajambo na mguu unaendelea vizuri. Wakati mwingine dada yake huwaza kwamba Mzee Abeli ndiye aliyemgonga kwa lori la pili, lakini baba ni baba, tuache.

Alikata rufaa. Safari hii walikubali wamsikilize kwa simu ya video, mwezi Mei 2023. Judica na dada yake walimfundisha juma zima, kama mtoto wa kipaimara.

"Hujambo, Koplo?" Judica anauliza, ameshika mwiko badala ya simu.

"Sijambo."

"Lusajo!"

"Samahani, mke wangu. Imetoka yenyewe."

"Hujambo, Koplo?"

"Si... Dada, siwezi. Nitamwambiaje mkubwa naumwa kabla hajakaa?"

"Mwambie," dada yake akasema. "Kama huwezi kwa ajili yako, mwambie kwa ajili ya huyu mwanamke anayekuvua soksi huku umeng'ata kanga."

Alijifunza. Siku yenyewe simu iliwekwa juu ya maboksi stoo kwa Rashid, watu wote wakatolewa, tukabaki sisi. Akatokea kwenye kioo mwenyekiti wa bodi, ofisa mstaafu, na wenzake wawili. Lusajo alipoona mkubwa, akasimama wima, visigino pamoja, mikono kwenye mishono ya suruali. Judica alimvuta shati akae. Hakukaa. Mwenyekiti akauliza, "Hujambo, Koplo?" Na ndugu yetu, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji, akasema, "Naumwa, afande." Akalisema vizuri. Akaeleza yote, lori, ukuta, shuka, feni, miaka. Alisimama tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuegemea kitu.

Mwenyekiti alisikiliza, kisha akacheka, akawageukia wenzake. "Koplo, mbona wewe uliyeumia umesimama kuliko sisi tuliokaa?" Wakacheka nao. "Ahsante, inatosha."

Simu ilipozimika aliangukia maboksi. Hatukuweza kumnyanyua kwa sababu hatukujua pa kumshika. Jibu la bodi likasema mtu anayeweza kusimama hivyo hana ulemavu wa kulipwa. Kwa hiyo mara ya kwanza alinyimwa kwa kusema hajambo, na mara ya pili alinyimwa kwa kusema anaumwa kwa adabu. Mwenye akili atueleze alitakiwa aingie vipi. Alale sakafuni? Kuna watu wangelala. Lusajo hakufundishwa kulala mbele ya mkubwa, na jeshi ndilo lililomfundisha kusimama.

Baada ya hapo alipungua. Dawa za maumivu alizila kuliko chakula, na Judica alipozificha alizinunua mwenyewe. Clementina alimwambia, "Baba, hizi zitakutoboa tumbo." Akamjibu, "Mwanangu, tumbo ni langu, na halijawahi kunidai kitu." Mwezi Januari mwaka huu alianza kutapika damu. Alilazwa hapa mjini. Tarehe 3 Februari 2025, asubuhi, muuguzi alikuja kumnyooshea shuka. Marehemu alimshika Judica mkono, akasema, "Wasiniguse mguu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Madaktari walisema tumbo lilitobolewa na dawa za maumivu. Basi bodi ijue kwamba mtu asiye na maumivu amekufa kwa dawa za maumivu.

Ilijua. Siku ya tatu ya msiba alipiga simu mtu wa bodi, kijana mwenye sauti ya kanisani. Judica aliiweka simu wazi, wote tukasikia.

"Poleni sana, mama. Mwili mnaurudisha lini?"

"Kwa nini, baba?"

"Ukifika, daktari wetu ataufungua ule mguu, aone kama kulikuwa na tatizo kweli. Akiliona, dai linaendelea, na wewe kama mjane unalipwa. Binti pia atatambuliwa."

"Asipoliona?"

"Basi."

"Na nikiagana naye huku huku?"

"Huko si wanachoma, mama? Mkichoma, mmechoma ushahidi."

Clementina alikwenda kumwuliza daktari wa Kichina kama mguu wa marehemu unaweza kuonyesha maumivu. Daktari alimjibu kwa upole kwamba maiti haiumwi. Ukiifungua utakuta nyama.

Hata hivyo ndugu wa nyumbani walitaka arudi. Baba mdogo alipiga simu kutoka Kiwira, anafoka, "Edina, mtu wetu achomwe kama takataka za sokoni? Kwetu nani alichomwa? Na hiyo fidia mnaiacha?" Dada yake akamjibu, "Baba mdogo, kwetu hatuchomi watu, ni kweli. Kwetu pia hatuwakati miguu tukatafute ndani yake kama alikuwa anasema kweli. Chagua wewe lipi baya, halafu uje ulisimamie." Akakata simu. Nawe baba mdogo ukija kusomewa haya, yameandikwa kama yalivyosemwa.

Aliyeamua ni Judica, mwenye mume. Alisema fidia aliyoitafuta mumewe ilikuwa ni kuaminiwa, na hawa hawataki kuamini, wanataka kukata. Alisema, "Wifi, aliniomba jambo moja." Kwa hiyo leo, tarehe 12 Februari 2025, baada ya sala, marehemu anachomwa hapa Guangzhou. Kiwira litakwenda jivu lake, awekwe pembeni ya Mama Albina. Waliomwosha walimwosha mwili wote. Mguu wa kushoto alimiminia maji Judica peke yake, kutoka mbali, bila kuugusa.

Marehemu ameacha mjane, Judica, binti, Clementina, na dada, Edina. Ameacha pia bodi iliyokaa inausubiri mguu. Haiupati. Unakwenda naye.

Apumzike Lusajo kwa amani, mzima mzima, mahali ambapo hatahojiwa tena.