Pete Yenye Namba ya Chuo: Kumuaga Mwalimu Kasoro

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Utangulizi wa Sayansi ya Nyenzo katika chuo chetu cha ufundi, Mwalimu Kasoro anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Uongozi uliomba mtu mmoja amwandikie maneno machache kwenye jarida hili la wafanyakazi. Wenzangu wote wakakumbuka ghafla kwamba wana mitihani ya kusahihisha, na mimi, mwalimu wa uchoraji wa kiufundi, nikabaki nimesimama mlangoni. Isitoshe, mstaafu ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu. Kwa hiyo msitegemee haki hapa.

Jina la Kasoro alipewa na wanafunzi, naye akalipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Wiki ya kwanza ya kila mwaka aliingia darasani na sufuria, kikombe cha kauri na ndala moja, akapanda juu ya meza na kuviachia vyote vitatu. Sufuria ilibonyea, kikombe kikasambaratika, ndala ikadunda kidogo na kutulia. Hapo vijana wakajua kwamba kuna metali, seramiki na polima, na mama wa kantini akajua kwamba kikombe kingine kimekwenda. Mama huyo aliwahi kuomba, kwa adabu zote, seramiki ifundishwe kwa kigae cha chooni. Mwalimu akamjibu kwamba kigae hakina mvuto.

Muungano wa atomi aliufundisha kwa kutusengenya sisi ndugu zake. Kwenye chumvi, alisema, atomi moja inatoa elektroni na nyingine inapokea bila hata kusema asante. Mfano wake ulikuwa yeye na mimi, niliyewahi kuazima koti lake nikalizoea. Kwenye almasi, atomi zinamiliki elektroni kwa pamoja kama wazee wawili walioshika gazeti moja, kila mmoja upande wake, na hakuna anayeachia. Kwenye metali, elektroni ni za ukoo mzima. Zinazurura humo ndani kama rimoti ya televisheni ya nyumbani kwake, ambayo kila mtu anaitumia na hakuna anayejua iko wapi. Wahitimu wetu wako viwandani leo wakijua vizuri kwa nini shaba inapitisha umeme, na wakizijua pia habari za koti.

Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye kasoro za kristali. Mtu akitaja atomi zilizojipanga safu kwa safu bila dosari, uso wake ulikunjamana kana kwamba ameonja maziwa yaliyoharibika. Kristali kamilifu haipo, alisema, na hata ingekuwepo isingetusaidia. Chuma kinakubali kupindwa kwa sababu ndani yake kuna safu za atomi zinazoishia katikati, na safu hizo zinasogea kidogo kidogo, kama vile mtu anavyohamisha zulia zito kwa kusukuma mkunjo. Kuna pia nafasi tupu, mahali ambapo atomi ilitakiwa kuwepo na haipo. Hiyo aliieleza kwa ufasaha wa pekee, maana ndivyo kiti chake kilivyokuwa kwenye kila kikao cha wafanyakazi. Mafanikio yake ya kiutawala, kwa sababu hiyo, yanaingia kwenye mstari huu mmoja na nafasi inabaki.

Sasa tufike kwenye pete, maana najua wengi mmeruka aya mkiitafuta.

Mwaka ambao chuo kilinunua hadubini mpya, kubwa, ya kisasa, hakikununua kitu chochote cha kutazama. Mwalimu aliomba sampuli za metali. Ombi likarudi na ushauri kwamba ajiongeze. Akajiongeza. Alivua pete yake ya ndoa, akaikata kwa msumeno mdogo, akaigandisha ndani ya plastiki ngumu, akaisugua mpaka ikang'aa, akaipaka tindikali ili punje za dhahabu, yaani kristali ndogo ndogo zinazoijenga, zionekane. Jioni akarudi nyumbani kidole kitupu, akiwa na furaha ya mtoto aliyefungua redio ya baba yake.

Dada yangu hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alimuuliza tu kama chuo kizima kilikosa msumari. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena hapa: mahafali, michezo, sherehe za mwisho wa mwaka, kote alialikwa na kote aliumwa kichwa. Mimi ni mdogo wake, niliona alivyoumia. Aliamini kabisa kwamba kwa mumewe ile pete ilikuwa kipande cha metali tu, tena kilichokwisha kupinda, kwa hiyo hakuona hasara kukikata. Mwalimu akaahidi kwamba siku akistaafu ataitoa kwenye plastiki, sonara ataiunga, naye ataivaa. Dada akasema tutaona. Wanaomjua wanajua uzito wa tutaona yake.

Kikwazo kikaja kwa jina la utaratibu. Wakaguzi wa mali walipita wakibandika namba kwenye kila kitu kisichosogea. Kiti cha miguu mitatu kilipata namba, ndoo iliyotoboka ilipata, na mlinzi aliyesinzia getini alinusurika kwa kukohoa. Pete nayo ikapata namba, ikawa mali ya chuo.

Mwezi huu Mwalimu alipokuwa akikabidhi maabara, mtunza stoo alimwambia kwa masikitiko kwamba pete haitoki. Mali yenye namba huondolewa na kamati, kamati hukaa mara moja kwa mwaka, na mwaka huu ilishakaa. Mkuu wa chuo naye alionyesha masikitiko makubwa, ambayo kwa bahati nzuri hayahitaji kamati. Shemeji yangu nilimkuta amekaa kwenye stuli ya maabara, hana utani hata wa dawa. Alisema ameomba kitu kimoja tu katika maisha yake ya kazi, tena chake mwenyewe, na sasa ataingiaje nyumbani mikono mitupu mara ya pili.

Hakuhitaji kuingia. Nilimpigia dada simu, naye akaja mwenyewe hadi maabara, na kichwa hakikumuuma. Alisimama mbele ya mtunza stoo akamwambia kwamba kama pete ni mali ya chuo, basi na aliyekuwa akiivaa ni mali ya chuo. Wambandike namba, wamweke stoo pamoja na ndoo, yeye arudi zake nyumbani. Mtunza stoo alitafuta kifungu cha kanuni, hakukipata. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa Kasoro, na mtu akibanwa hukimbilia alichokariri. Akaweka pete chini ya hadubini, akamsihi dada atazame kwanza, kisha akaanza somo, neno kwa neno, kwa sauti ya Mwalimu kabisa.

Alisema kwamba punje zile pana, zenye mipaka iliyonyooka, ni dhahabu iliyotulia. Zile za kushoto, zilizolala na kupondeka, ni alama za siku mke wa Mwalimu alipojifungua binti yao. Mkunga alikuwa na akina mama wengi, Mwalimu akaruhusiwa kumshika mkono mkewe, na uchungu ulipozidi, vidole vyake vikabanwa kati ya kiganja cha mama na chuma cha kitanda. Chuma ni kigumu, dhahabu ni laini, ikapinda. Sonara alitaka kuipasha moto ainyooshe. Mwalimu akakataa, kwa sababu moto hufanya punje zijipange upya na kufuta yote yaliyozipata. Ndiyo maana akaikata hii na si nyingine: kati ya metali zote alizokuwa nazo, hii ndiyo pekee ambayo alijua kila kasoro yake imetoka wapi.

Kumbe kila kijana aliyepita mwaka wa kwanza aliijua habari hiyo. Wasiojua tulikuwa mimi, niliyekuwa nikichora mistari chumba cha pili, na dada yangu mwenyewe. Bingwa huyu, aliyeweza kuongea saa nzima kuhusu chumvi, hakuwahi kumwambia mkewe. Alipoulizwa pale pale kwa nini, alisema alidhani mkewe anajua, si alikuwepo?

Dada alirudi kuzitazama zile punje za kushoto. Halafu akauliza kama moto wa sonara wa kuiunga nao ungefuta. Mwalimu akasema ungefuta yote. Na bado ulikuwa unaipeleka, akauliza dada. Mwalimu akasema ndiyo, kwa sababu wewe uliitaka. Sikuwahi kumwona dada yangu akilia mbele ya watu, na sina haja ya kulieleza hilo zaidi. Alipomaliza, alimwambia mtunza stoo airudishe kabatini na namba yake, vijana waendelee kufundishwa hivyo hivyo, ila waelezwe wazi kwamba aliyekuwa na uchungu siku ile ni yeye, si pete.

Mwalimu Kasoro, uongozi umeniagiza niseme kwamba pengo lako halitazibika, na tangazo la nafasi yako limebandikwa tangu Jumatatu. Kwa niaba ya wengine wote, asante: kwa vijana wanaogonga chuma kabla ya kukiamini, kwa vikombe, na kwa uvumilivu wako kwa shemeji asiyerudisha makoti. Ulipotoka maabara siku ile, niliona jinsi dada alivyokukamata mkono, na jinsi ulivyokuwa ukijikaza usikunje uso. Kapumzike salama, na siku zako zote ziwe njema mkiwa mmeshikana hivyo hivyo. Ikiuma sana, safari hii mwambie.