Ermes Londero na Santuri ya Mlima Wenye Jicho

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea safari ya mzee wetu Ermes Londero, aliyezaliwa hapa Gemona tarehe 3 Machi 1950, mtoto wa pili wa mwashi Tarcisio na Bi. Onorina, akahitimu ufundi umeme Udine mwaka 1968, kazi aliyoifanya mchana, na jioni akapiga gitaa katika bendi ya roki pamoja na mpiga ngoma Livio.

Tarehe 6 Mei 1976 tetemeko la ardhi liliiangusha nyumba yao, likawachukua mama na kaka yake, na tangu siku hiyo Ermes hakuweza kukaa chini ya dari bila jasho kumtoka, hivyo bendi ilipopata nafasi ya kurekodi santuri Udine, alikataa katakata, mpaka Livio alipomwambia, “Basi tutauacha mlango wazi, kaa hapo hapo.”

Tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, saa tano asubuhi, katikati ya kipande kirefu cha gitaa, ardhi ilitikisika tena, naye akatoka mbio na gitaa mkononi, waya ukiburuzika nyuma yake, akaanguka barabarani, na Livio akamtania, “Bwana we, gitaa lako limekutangulia!” Ermes hakucheka, lakini kesho yake alirudi, akakimaliza kipande kile akiwa amesimama mlangoni.

Jalada la santuri lilichorwa na mwalimu Nives Cargnelutti, aliyechora zimwi ambalo wazee wetu husema limelala ndani ya mlima na huitikisa ardhi likijigeuza, jicho moja wazi.

“Mimi naliogopa, wewe unalichora?” Ermes alimuuliza.

“Nalichora ili tujue linatazama wapi.”

Ermes na Nives walifunga ndoa tarehe 21 Mei 1977, wakajaliwa Alida, 1979, na Denis, 1983.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016, na wiki ya mwisho, pumzi zikikatika, alisema, “Alida mwanangu, naogopa,” naye Alida hakumwambia asiogope, alipanda kitandani akamkumbatia, hadi alipofariki tarehe 11 Novemba 2018, saa kumi alasiri, na tusidanganyane, aliondoka na hofu yake, ila hakuondoka peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea chakula, mafundi wenzake, na Livio, aliyekuja kila Jumapili.

Lala salama, Ermes, tuko hapa.