Mbuga Tatu, Birika Moja

Kijiwe cha Gundi kiko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi: benchi lenye mguu mmoja uliofungwa waya, meza ya kushonea viatu, na birika la kahawa. Sheria ya pale ni moja tu, aliyeshika birika ndiye msemaji. Wengine mnasubiri kumiminiwa, midomo mmefunga. Ndiyo maana kahawa ya pale hunywewa ikiwa baridi siku zote, maana mtu akishalishika, kuliachia ni mbinde.

Siku hiyo Gundi, fundi viatu mwenyewe, alikuwa hoi kwa mawazo. Mkewe alikuwa amestaafu uuguzi katika wodi ya watoto, na wenzake wa kazini wakamzawadia safari ya watu wawili kwenda mbuga moja kati ya tatu. Adhuhuri hiyo dada wa kampuni ya safari angepiga simu kuuliza wamechagua ipi.

— Chagua wewe, baba watoto, mkewe alimwambia asubuhi. Mimi nimechoka kuamua.

Tangu waoane, mambo yote ya nyumbani aliyaamua mama huyo, hadi rangi ya mapazia. Safari hii Gundi alitaka apatie, na hofu ya kukosea ilikuwa inamtafuna.

Wa kwanza kushika birika alikuwa Breki, dereva wa lori mstaafu. Yeye akapigia debe mbuga ya tambarare. Huko, alisema, nyumbu wanahama kwa maelfu, wanavuka mto mamba wakiwasubiri, na vishindo vyao unavisikia kifuani.

Kinyozi, ambaye watu humwita Profesa kwa sababu ya miwani tu, akampokonya birika. Ya mlimani ndiyo kiboko yao, akasema. Unaanza chini ukivuja jasho, unamalizia juu kwenye barafu, na maporomoko ya maji yananguruma njia nzima. Halafu baridi ile inampunguza mtu umri. Gundi akauliza inapunguza miaka mingapi. Profesa akajibu kwamba inategemea uzito wako.

Breki akalirudisha birika kwake kwa nguvu. Akadai nyumbu wake wanavuka mto kwa foleni, kwa hiyo lazima wana trafiki wao, ila hajitokezi kwa watalii.

Hapo Bibi Kahawa, mwenye birika lake, akalichukua bila kuomba.

— Ya msituni ina sokwe. Alfajiri wanapiga mayowe, wanagonga mashina ya miti utadhani kuna harusi. Wana mashangazi, wana wajomba. Akikukazia macho mmoja, ujue umefanana na mkwe wake.

Gundi akachanganyikiwa kabisa. Mbuga zote zilishaingiliana kichwani mwake, sokwe wako kwenye barafu, nyumbu wanapungua umri. Sindano ikamchoma kidole.

Mara mkewe akatokea na simu ya Gundi, aliyoisahau mezani nyumbani. Akaketi mwisho wa benchi, akawasikiliza kidogo, kisha akauliza bila hata kugusa birika:

— Katika hizo zote, ipi ina kimya?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Miaka yote nimelala na vilio vya watoto masikioni, mama akasema. Nataka kukaa mahali nisikie upepo tu.

Tangu asubuhi walikuwa wanasifia kelele. Gundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana alikuwa ameuliza mtaa mzima, akamwacha mwenye safari.

Simu ikalia. Dada wa kampuni akaanza kumwaga sifa: mbuga hii ina hiki, ile ina kile. Gundi akamkatiza.

— Dada, hayo tumeshayasikia. Niambie moja tu, ipi ina kimya?

Upande wa pili karatasi zikasikika zikipekuliwa, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwanzo tena.