Jumamosi Saluni Zilipokwenda Matanga

Wa msikitini salaam aleikum, wa kanisani Bwana asifiwe, na asiye na upande akae tu, viti ni vya wote. Leo mmenichagua niwe katibu wa chama chetu cha wasusi, na mwenyekiti kaniambia nisitoe ahadi, niseme tu nimetoka wapi. Haya. Jina la mtu sitataja. Anayejijua ajijue.

Mimi ni wa Tanga. Aliyenileta Johannesburg ni mama wa kwetu, mwenye saluni hapo Joubert Park. Alinipokea Park Station akanikumbatia, akanipikia samaki, nikalia kwa furaha. Jioni akanionyesha pa kulala: sakafuni saluni, katikati ya viti. Akaichukua paspoti yangu akaitia mkobani, akashusha mlango wa chuma, akapiga kufuli kwa nje, akaenda kwake na ufunguo. "Kwa usalama wenu," alisema. "Mji huu una wezi."

Ndugu zangu, nawaambia, humo tulilala na ndoo ya haja. Asubuhi mteja wa kwanza akiziba pua, Mama anacheka: "Msiwajali hawa, wametoka porini." Na sisi tunacheka naye. Ungefanyaje?

Mwenzangu wa kulala pale alikuwa msichana wa Lubumbashi, mlokole wa kusali mpaka anakuchosha, lakini mkono wake wa kusuka, we! Usiku mmoja homa ikampanda, akawa anatetemeka meno yanagongana. Nikapiga ule mlango mpaka vidole vikavimba. Watu walipita nje, walinisikia, hakuna aliyesimama. Mama alifungua asubuhi kwa saa yake, akamtazama, akasema, "Nawa uso. Kuna bibi harusi anakuja."

Hapo ndipo nilipoanza kuandika. Kwenye simu, kwa jina la uongo, nikituma kwenye kundi la watu wetu wa hapa mjini. Niliandika ndoo, nikaandika kufuli, nikaandika na ile homa. Watu wakapenda! Siku moja Mama mwenyewe akawasomea wateja kwa sauti, mimi niko palepale namsuka mmoja wao. "Jamani sikilizeni, mji huu una watu wana roho mbaya!" Aliguswa, wallahi, nusura machozi yamtoke. Akafika kwenye bibi harusi. Akayatambua maneno yake mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alizima simu, akamgeukia mwenzangu. "Ni nani kati yenu?" Na mwenzangu, niliyemfuta jasho la homa kwa kanga yangu, akaninyooshea kidole.

Begi langu likatupwa barabarani. Ufunguo akapewa mwenzangu, awe ndiye anayewafungia wasichana wapya.

Mama alikuwa mkubwa wa kina mama katika jumuiya yetu. Akapitisha neno: huyu asipewe kazi, asialikwe, asisalimiwe. Nikaenda kwenye mkutano wa jumuiya, nikasimama nikasema tuweke sheria, mfanyakazi asifungiwe kwa nje. Kaka mmoja akanijibu, "Dada, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba za watu." Nikagombea ukatibu. Nikapata kura moja, na mnajua ilikuwa ya nani. Wakanipigia makofi ya kejeli mpaka nikafika mlangoni.

Nikawa nasuka barabarani, kwenye kiti cha plastiki. Gogo mmoja, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, muuza mahindi, ndiye aliyenipa kona ya mwavuli wake na godoro chumbani kwake.

Kisha mama yangu akafa Tanga. Kwenda kumzika sikuweza, paspoti yangu bado iko mkobani mwa Mama. Mnajua desturi yetu: ukifiwa kwenu, hata uwe ng'ambo, unatandika mikeka, watu wanakuja kukuhani. Hata aliyekuchukia anakuja, anakupa mkono wa pole. Nikatangaza msiba kundini, Gogo akatoa vitu vyake chumbani, nikatandika, nikapika pilau sufuria nzima.

Hakuja mtu.

Pilau ikalala. Kesho yake vilevile. Gogo akaniuliza watu wako wako wapi, nikamwambia robot, zile taa za barabarani, zimezimika mjini, foleni. Siku hiyohiyo Mama akaweka kundini picha za karamu kwake, kina mama wote wamo, wanacheka. Nilimlilia mama yangu nimeuma mto, Gogo asisikie.

Jumamosi ikafika, mwisho wa mwezi, siku ambayo saluni hata pa kusimama hakuna. Mlango ukagongwa. Nikafungua, namwona mwenzangu. Nyuma yake wale wasichana wapya, mikono inanuka mafuta ya nywele, na nyuma yao wasusi wa saluni nyingine, wamejaa ngazi nzima. Amewafungulia wasichana, wateja kawaacha nje.

"Yaya, tumekuya bote," alisema; kwao Yaya ni dada mkubwa. "Tumekuya kulia mama yako."

Nikamzaba kofi. Msibani, mbele ya watu! Hakurudi nyuma. Alivua viatu, akakaa mkekani, akamlilia mama yangu.

Adhuhuri Mama huyo, kapigiwa simu na wateja, kaja na wenzake wawili. Akasimama mlangoni. "Pole kwa msiba. Haya, wasichana, kazini."

Hakuinuka mtu. Mwenzangu akasema, "Miye niko ku kilio, Mama. Sitoki."

Nikamwambia, "Matanga hayajaanuliwa. Tutayaanua ukileta funguo zako za akiba na paspoti za watu."

Akamtukana mama yangu. Maiti, hana hata wiki kaburini, anatukanwa juu ya mkeka wake! Wale mama wawili wakatazamana, wakavua viatu, wakaja kukaa upande wetu. Hapo akabaki peke yake mlangoni. Alasiri akarudi, akatutupia funguo na paspoti mkekani kama mifupa.

Msidhani iliishia kwa vigelegele. Wiki haikuisha, mtu akamchongea mwenzangu uhamiaji, wakamchukua, wakamrudisha Lubumbashi. Nilimpigia simu kumwambia nimemsamehe. Akanijibu, "Kofi yako iko inauma bado, Yaya." Tukacheka, tukalia.

Namshukuru yeye. Namshukuru Gogo, aliyekula pilau ya jana na mimi bila kuniuliza tena. Nawashukuru wasichana wa ile ngazi.

Na funzo langu ni hili: mimi mlango ulifunguliwa kwa sababu mama yangu alikufa. Msisubiri kufiwa. Kuna saluni nyuma ya ukumbi huu inafungwa kwa nje mpaka leo, na mwenyewe amekaa humu na kadi ya chama mkononi. Sikutaji, dada. Ila Jumamosi, wateja wakishajaa, tunakuja kwako na mikeka.