Nataka Kusaidia Watu

Ndani ya basi la jijini Cleveland, Marekani, Renita alikuwa akisahihisha kwenye simu insha ya kuombea nafasi ya uzamili wa ustawi wa jamii, ambayo mwisho wa kuituma ulikuwa jioni ile. Bibi aliyekaa pembeni akachungulia simu yake bila haya.

"'Nataka kusaidia watu.' Hata wauza bima husema hivyo, binti. Mimi nimestaafu kazi hiyo ya ustawi wa jamii. Nini hasa kimekuleta?"

"Afisa wa ustawi aliyenitoa kwa mama yangu nikiwa mdogo. Nguo zangu alizitia kwenye mfuko wa takataka."

"Basi andika huo mfuko!"

"Siuzi machozi yangu, bibi."

"Haya, nafasi watampa mwingine."

Basi likasimama. Renita akashuka amenuna.

"Huo mfuko ulikuwa wa rangi gani?" bibi akapaza sauti dirishani.

"Mweusi," Renita akajibu, kabla hajakumbuka kwamba alikuwa amekataa kuusimulia.