Bi Tochi Anatoka Pangoni

Mimi ninayeandika haya nilizaliwa na nyota ya jaha. Siku tulipopiga kura nani akae kwenye swichi kuu ya taa za pangoni, kiti ambacho wenzangu wote walikitolea macho, aliyeshinda ni mimi. Basi mjue Bi Tochi haagwi na mtu wa hivi hivi.

Bi Tochi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika mapango yetu ya mawe ya chokaa. Aliingia akifagia ngazi, anatoka akiwa mkuu wa waongoza wageni. Wakubwa wenye vitambi amewainamisha kwenye ule mlango mwembamba, akiwaambia pango halijui cheo.

Utamu wenyewe ni sikukuu ya mkoa. Watu wanafurika, watoto na viatu vipya, mashangazi na vikapu. Kwenye ukumbi mkubwa, mawe yananing'inia kama maji yaliyosahau kuanguka. Hapo Bi Tochi huwashikisha wageni mabega, kisha hukohoa mara moja. Mimi nazima taa zote. Kiganja chako mwenyewe hukioni. Akikohoa mara mbili, nawasha, na makofi yake utadhani timu yao imefunga bao.

Sikukuu iliyopita alikohoa mara mbili, taa zikagoma. Umeme umekatika kwelikweli. Watoto wakaanza kulia, bwana mmoja akadai kiingilio chake gizani humohumo. Bi Tochi hakuwasha tochi haraka, maana watu wangeikimbilia na ngazi zimelowa. Aliwaimbisha kwanza. Sauti zilipokuwa moja, akaimulika chini, miguuni, akawatoa wote wazima, hata yule wa kiingilio. Kisha akarudi ndani peke yake, akasema anaenda kuangalia swichi.

Sikukuu ijayo nimepangiwa kutangulia mbele mimi, na tochi yake ameniachia. Bi Tochi, asante kwa yote. Nenda kapumzike juani, wajukuu wakuchoshe vizuri, magoti yako yasahau ngazi.

Na ile kura, hatukupiga. Mimi giza naliogopa. Nilimwomba anikalishe pale kwa sababu swichi ina kitaa chekundu kisichozimwa, akakubali na hakumwambia mtu. Siku ile ya umeme kilizimika nacho. Hakurudi kuangalia swichi. Alirudi kunichukua mimi.